Namba Niliyoichomeka Makutini

Jumatatu, 10 Februari 2025

Nimeficha karatasi. Nianze na hilo, maana sijui nimebakiwa na kurasa ngapi.

Karatasi moja, imekunjwa mara nne. Niliichomeka kwenye makuti ya paa, juu ya kitanda hiki ninacholalia, Septemba 2019. Ina namba moja na sahihi sita. Namba ni sitini na moja. Ndiyo alama ya kupita tuliyoikubali wanakamati wote sita katika mtihani wa mafundi wa kuezeka makuti. Mimi nilitangaza sitini na tano.

Hanifa, binti yangu, anadhani naandika wasia. Jana ameniletea daftari hili kutoka Ukunda, jalada la kijani. "Andika, Baba, ila usijichoshe." Daktari wa Msambweni amesema moyo umechoka. Miguu imejaa maji. Ukiibonyeza, kidole kinaacha shimo kama kwenye udongo mbichi. Siku ngapi zimebaki, hakusema. Nimetunga mitihani miaka thelathini na minne. Namjua mtu anayekwepa swali.

Sijawahi kusema jambo zito bila kuliandika kwanza. Marehemu mke wangu Twaiba alikuwa akinicheka: "Wewe hata kunitaka radhi waniletea barua, na chumba ni kimoja!" Kweli kabisa. Basi naandika. Ulimi utafuata, au hautafuata.

Na kuna haraka. Leo Boga ameanza kuliezua paa.


Jumanne, 11 Februari

Boga ni kaka yake Twaiba. Shemeji yangu, mjomba wa Hanifa. Ana miaka hamsini na tisa na ameezeka tangu akiwa na kumi na minne. Paa letu limeoza, mvua za masika haziko mbali, naye amesema hawezi kuona mgonjwa wake ananyeshewa. Ameanzia upande wa jikoni. Anasogea huku, pau baada ya pau, zile fito zinazofungiwa makuti. Juu ya kitanda changu atafika wiki ijayo.

Makuti ya zamani yanashuka na masizi, na mijusi, na kila tulichokisahau. Kwetu huku paa ni kabati. Wembe, mswaki, dawa ya macho, barua ya posa—vyote huchomekwa makutini. Leo kimeshuka kijiko cha Twaiba kilichopotea miaka tisa iliyopita! Hanifa amekifuta kwa leso yake, akakishika kifuani, akaenda nacho jikoni.

Nami nilifanya kama afanyavyo kila mtu. Sikuwaza kwamba paa nalo huzeeka.

Kusimama siwezi. Ila mahali penyewe napaona: kuti la nne kutoka kwenye kombamoyo, ile boriti ya paa ya upande wa dirishani. Natazama huko kutwa kucha.

Kinachonisumbua ni sauti. Trrr—tak. Ni futi kamba. Zamani Boga hakuwa nayo. Alikuwa akipima kwa shibiri yake, kidole gumba hadi cha mwisho, na nusu shibiri ya Boga ilikuwa nusu shibiri toka mwamba wa juu ya paa hadi mchirizi wa chini. Sasa anaibana futi kwa kidevu, anaivuta, anapima. Anapima tena. Anapima mara ya tatu. Ndipo anafunga kamba.

Trrr—tak. Ile futi nimeitia mimi mkononi mwake.


Jumatano, 12 Februari

Niandike tulivyofanya, nipaone mwenyewe nilipopotoka.

Mwaka ule hoteli za Diani zilikuwa zimesema hazitaki tena fundi asiye na cheti. Paa la mkahawa mmoja lilikuwa limeporomoka, bahati njema hakukuwa na mtu chini. Mimi nilikuwa nimeshastaafu Nairobi, nimerudi Mwabungo, nafuga kuku. Wakaniita niwatungie mtihani. Nilifurahi mno! Mtihani wa maandishi nilikataa. Fundi wa makuti ukimpa kalamu umempima kalamu. Nikasema apewe kibanda cha fito, makuti mia mbili na siku moja. Mpimaji asimame chini na karatasi ya hatua arobaini. Amefanya, hakufanya. Jumla, alama mia.

Kisha alama ya kupita. Watu hudhani inashuka kutoka mbinguni. "Nusu!" husema. Kwa nini nusu? Paa lililoezekwa nusu ni paa?

Nikawakusanya wanakamati, siku mbili, ukumbi wa hoteli wenye feni inayolia. Nikawaambia wafumbe macho, wamfikirie fundi anayetosha tu. Hodari asiwe, mzembe asiwe. Yule ambaye ukimpa paa lako utalala, ila hutamsifu mtaani. Kwa kila hatua wajiulize: mafundi kumi kama huyu, wangapi wataifanya sawasawa? Andikeni.

Mzee Thoya, fundi mkongwe kuliko wote mle ndani, alifumbua jicho moja. "Mwalimu, mimi mtu asiye na jina simuoni." Enos, mkaguzi wa majengo, mtu wa bara, akasema aitwe Atosha. Tulicheka. Lakini siku mbili tuliishi na Atosha! Atosha angefunga kuti la mwamba lisipeperuke? Thoya akasema nane katika kumi. Enos, tano. "Umewahi kupanda hata mpapai, wewe?" Thoya akamuuliza. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho kila mmoja akaandika lake, tukajumlisha, tukagawanya. Sitini na moja. Thoya alitia sahihi kwa dakika nzima, ulimi nje, kama anachonga mlango.

Na kanuni niliziweka mimi mwenyewe. Moja: alama ya kupita ifungwe, isibadilike tena, kabla mtu yeyote hajaona matokeo. Mbili: atakayekosa kwa alama moja, kazi yake ikaguliwe upya na mpimaji mwingine—kipimo nacho kina mkono unaotetemeka, lazima kihurumie.

Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizofanya maishani. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo, na hapo ndipo panapouma.

Alasiri nilisinzia. Atosha alikuwa amekaa kizingitini, amenipa mgongo, anasokota kamba ya makumbi. Hajawahi kuja kwetu. Nikamwambia karibu. Hakugeuka.


Alhamisi, 13 Februari

Mgeni. Binti wa makamo ya Hanifa, anaitwa Gillian, amehamia huku kikazi mwaka jana. Alipiga hodi, akavua viatu, akaniamkia "shikamoo mzee" kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi njiani. Nikampenda papo hapo.

Yeye ndiye anayeshughulikia mtihani wa makuti sasa. Unapanuliwa: Kwale, Kilifi, Lamu, pwani nzima. Kamati mpya inakaa Jumatatu ya tarehe 24.

"Mzee, hii sitini na tano yako ndiyo tunaenda kutumia kila mahali," akasema. "Watu wanaisifu sana. Lakini file haina ile karatasi ya kamati, ile iko na masaini. Labda ilibaki na wewe?"

Nikamwambia nitatafuta.

"Nitapitia Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 22. Hakuna pressure."

Hakuna! Juu ya kichwa chake, dhiraa mbili tu, ilikuwa imelala. Nilimtazama machoni nisije nikatazama juu.

Boga alishuka kumsalimia. Akamuuliza kwao ni wapi, akamkaribisha muhogo. Binti akamuuliza, "Na wewe baba ni mmoja wa wale walipata cheti?" Boga akacheka. "Mimi nilianguka, mwanangu. Kwa mbili. Lakini usimwogope mgonjwa, paa lake nitalifunga vizuri."


Ijumaa, 14 Februari

Baada ya sala wamekuja kunitazama Sharif wa duka la mafuta ya taa na Suleiman, mwenyekiti wa mafundi. Waliketi kwenye mkeka. Boga alikuwa kwenye ngazi ya baraza, anakula embe bichi na chumvi.

"Mizani, waonaje hali?" Suleiman akaniuliza. Hilo ndilo jina langu kijijini tangu mwaka ule. Mizani. Mwalimu aliyemwangusha hata shemeji yake. Harusini hulisimulia, msikitini hulisimulia. Nimelivaa miaka mitano na ushei kama kanzu mpya.

Kisha akapaza sauti nje: "Na wewe Sitini na Tatu! Funga vizuri, mwalimu asije akaogeshwa kabla ya wakati!"

"Nitafunga kwa sitini na tatu katika mia," Boga akajibu, mdomo umejaa. "Hizo thelathini na saba uje utie wewe, mwenye cheti!"

Walicheka wote. Nami nilicheka. Kucheka kukaniletea kikohozi, Hanifa akaja na maji.

Majina mawili, Mizani na Sitini na Tatu, yamezaliwa siku moja. Wao wanaona ni vichekesho viwili. Mimi najua ni kichekesho kimoja.


Jumapili, 16 Februari

Homa. Jana sikuandika.

Nusu ya paa imekwisha ezekwa. Makuti mapya yananuka nazi na jua, mwanga unaopenya jikoni una rangi ya asali mbichi. Upande wangu bado ni giza la masizi. Nalala katikati kama mtu aliye kivukoni. Sijui mkondo unanipeleka upande upi.

Atosha alikuja tena. Leo nimeona mikono yake, myembamba, ina makovu ya upanga. Nikamuuliza: ungepita? Akasema, mliniumba nipite, Mwalimu. Hiyo ndiyo kazi yangu pekee, kupita kwa shida.

Nilipozinduka nikaanza kujitetea. Nimekuwa wakili wangu mwenyewe muda mrefu, maneno nayajua kwa moyo. Kwamba kila kipimo hukosea, kwa hiyo mtu huongeza kidogo kwa tahadhari. Kwamba paa liko juu ya vichwa vya watu. Kwamba nne si nyingi. Wanakamati niliwaambia wakubwa wa Nairobi wameshauri tuongeze nne. Enos aliuliza mara moja, "Wakubwa gani?" nikataja cheo, akaridhika. Hakukuwa na mkubwa.

Walioanguka kati ya namba mbili hizo ni wanane. Nawajua. Kadzo mmojawapo, mwanamke peke yake aliyepanda ngazi siku ile, buibui ameifunga kiunoni. Alipata sitini na mbili. Siku hizi analima mwani Kibuyuni. Niliwahi kukutana naye sokoni, akaniamkia vizuri, akaniuliza kama kuku wangu wanataga.


Jumanne, 18 Februari

Wamegombana, Hanifa na mjomba wake. Kwa upendo, lakini wamegombana.

Kuna hoteli Galu inajenga upya paa lake kubwa, paa la miezi minne ya kazi. Msimamizi anamtaka Boga hasa—amewahi kuona kazi yake ya zamani—lakini karatasi hana. Hanifa amesikia mtihani unarudi mwezi wa nne. "Mjomba, kaufanye tena. Ulikosa mbili tu! Mbili!"

"Mkono ushapimwa, ukaonekana," Boga akasema.

"Nani kauona? Karatasi!"

"Baba yako, Hanifa. Baba yako ndiye aliyepima. Angekuwa mtu mwingine ningesema kanionea. Lakini huyu?" Akanionyesha kwa kisu cha kukatia kamba. "Huyu angeweza kunipitisha akanyamaza, na hakunipitisha. Basi ni kweli. Nilipoambiwa, nikautazama mkono wangu. Nikasema: kumbe wewe miaka yote ulikuwa unanidanganya."

Hanifa akatoka kwa hasira kwenda kuteka maji.

Boga akapanda. Trrr—tak. Trrr—tak. Trrr—tak.

Niandike na lile la futi. Katika zile hatua arobaini, moja niliiandika hivi: Apima nafasi ya makuti kwa futi kamba. Alama nne. Nimeishi Nairobi mno. Nilisahau nimetoka wapi. Boga alipima kwa shibiri. Nafasi zake zilikuwa sawa zote, mpimaji mwenyewe aliniambia. Lakini karatasi ilisema futi kamba. Sufuri. Ningeandika "nafasi ziwe sawa," nisijali amepimia nini, Boga angepata sitini na saba, na leo angekuwa juu ya paa la Galu.

Lile lilikuwa kosa la mtunzi. Makosa ya mtunzi nimeyafanya mengi na bado nimelala usingizi. Lakini mtu aliyekosewa na swali bado angeokolewa na alama ya kupita. Kosa la futi nimelitaja leo ili nisifike kwa lile jingine.


Jumatano, 19 Februari

Imeshuka.

Saa nne asubuhi. Hanifa alitaka wanihamishie ukumbini, vumbi lisinidhuru. Nilikataa, nikafunikwa shuka usoni. Chini ya shuka nikasikia makuti yakichanika juu yangu, kila moja na mlio wake, kisha kimya, kisha Boga: "Hee! Shemeji. Una hazina huku."

Nilifunua shuka. Mbingu! Shimo la samawati juu ya kitanda changu, na katikati yake kichwa cha Boga, kichafu kwa masizi. Alishuka ngazi polepole, goti lake bovu, akaniwekea mkononi.

Hakuifungua. Hakuuliza. Akasema, "Amana yako hii. Imekaa vizuri, haikuingia maji." Akarudi juu.

Haikuingia maji. Niliichomeka bila kuifunika kwa kitu, karatasi juu ya makuti. Iliyonifikia leo imefungwa ndani ya nailoni ya mkate, na juu ya nailoni ukanda wa leso, ile nyekundu ya maua ya mikorosho, na fundo la mara mbili lenye mkia mmoja mfupi. Fundo hilo limefunga vitumbua vyangu vya safari miaka thelathini na minane.

Twaiba!

Alifariki 2021. Kwa hiyo aliiona kabla ya hapo. Siku moja alikuwa akifagia utando wa buibui, au akitafuta sindano, akaishika, akaifungua. Namba alikuwa akizisoma vizuri. Aliona sitini na moja, akaona sahihi sita na yangu ikiwa ya kwanza. Siku hiyohiyo alinipikia. Akanipa maji ya kunawa. Akaenda kumwona kaka yake akiezeka banda la kuku la jirani, akarudi. Akaifunga isinyeshewe, akairudisha pale pale.

Hakuwahi kuniuliza.

Siwezi kuandika zaidi leo.


Alhamisi, 20 Februari

Jiko la makaa liko hatua tatu kutoka kitandani. Hanifa alikwenda dukani. Nilikuwa nayo mkononi, na makaa yalikuwa mekundu.

Sikuweza kulifungua fundo.


Ijumaa, 21 Februari

Nimelala tangu asubuhi, nikiamka nikilala. Shimo limebaki wazi. Boga alipumzika kwa ajili ya Ijumaa, ametandika turubai nusu tu kwa kuwa nilimwomba aniachie mbingu. Mawingu yanapita kama kurasa zinazofunguliwa na mtu asiyesoma. Atosha amekaa pau ya juu, miguu inaning'inia ndani ya chumba. Twaiba yuko jikoni, nasikia kijiko. Najua si kweli. Ila nikifumba macho ni kweli zaidi ya dawa.

Acha niandike ya Jumamosi ile.

Septemba 2019. Mtihani ulikwisha Jumamosi mchana. Jioni nikapita kwenye kahawa ya Mwabungo. Walikuwa wanacheza bao. Sikuonekana, nilikuwa nyuma ya ukuta, nafunga kamba ya kiatu. Nikasikia: "Boga hana wasiwasi. Mtihani umelala nyumbani kwa dada yake!" Kicheko. Mwingine: "Akipita tutajua kapita vipi." Suleiman akasema, "Mwacheni mwalimu wa watu." Yule akajibu: "Mwalimu ni mtu, na mke ni mke."

Nilirudi nyumbani bila kahawa. Miaka thelathini na minne Nairobi sikuwahi kupokea hata kuku wa mtu. Nilikuwa nimewarudishia wazazi bahasha mbele ya walinzi. Na leo, katika kijiji changu, nitaitwa mwizi wa alama—kwa ajili ya makuti!

Karatasi ya kamati ilikuwa mfukoni. Sitini na moja, bado sijaitangaza. Kanuni ilikuwa inasema ifungwe. Nilijiambia nitaifunga kesho.

Jumapili asubuhi wakaniletea matokeo, bahasha ya kaki, mafundi arobaini na wanane.

Hapa kalamu husimama kila mara. Miaka mitano na nusu nimesimulia mpaka hapa tu, hata nikijisimulia mwenyewe. Jumatatu nikaandika karatasi nyingine. Jumanne nikatangaza. Watu wakasema: Mizani!

Twaiba usiku ule aliniuliza jambo moja. "Ndugu yangu kakosa kwa ngapi?" Nikamwambia mbili. "Mbili," akasema. Akazima taa.

Kesho Gillian anakuja. Boga naye atafunga makuti juu yangu. Akimaliza, hakutakuwa na shimo la kusemea.


Jumamosi, 22 Februari

Asubuhi. Mkono mzito, mistari inapanda. Hanifa ameninyanyua kwa mito mitatu.

Boga yuko juu. Pau tano zimebaki. Mwanga unapungua pau kwa pau, nausikia ukipungua. Trrr—tak.

Karatasi iko kifuani kwangu. Nilimwomba Hanifa afungue fundo. Alilitambua. Alinitazama, akalifungua kwa meno kama alivyokuwa akifanya mama yake, akanipa bila kusoma. Walio hai katika nyumba hii hawasomi kisichokuwa chao. Mimi peke yangu ndiye—

Pikipiki nje. Gillian amewahi. Nasikia anavua viatu barazani, Hanifa anamkaribisha chai.

Nimemwita. "Boga."

"Labeka, shemeji."

Nikasema niliyokuwa nimeyaandika hapa ukurasa wa kwanza. Sauti ilitoka ndogo. "Ilikuwa sitini na moja."

Futi imesimama. "Sitini na moja ya nini?"

"Ya kupita."

Kuti moja lilimteleza mkononi, likashuka taratibu, likalala juu ya miguu yangu. Kichwa chake kikatokea shimoni. Shimo sasa limekuwa dogo, kichwa kimelijaza lote.

"Kwa hiyo nilipita," akasema. Hakuuliza.

"Ulipita kwa mbili."

Akautazama mkono wake. Akaukunja, akaukunjua. Nilingoja anitukane, sijawahi kungoja matusi kwa hamu namna ile.

"Ni hii hapa, mzee?" Gillian yuko mlangoni, kikombe mkononi, ameiona karatasi kifuani kwangu. Amesogea, ameisoma akiwa amesimama. Nimeona macho yake yakifika kwenye namba, yakarudi juu, yakafika tena. "Lakini mzee, hii inasema..." Hanifa yuko nyuma yake.

Boga hakuwaangalia. Ananiangalia mimi. Ameniuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia:

"Na ile sitini na tano, shemeji—ilitoka wapi?"

Tahadhari. Neno limenijia lenyewe, limepigwa pasi, tayari. Kosa la kipimo. Wakubwa wa Nairobi. Binti huyu angelipokea. Boga angelipokea haraka kuliko wote.

Nimewaambia wangoje, niandike kwanza. Hakuna aliyecheka. Wamesimama wote watatu, mmoja angani, na mimi nasikia kalamu yangu mwenyewe.

Hili ndilo nitakalosoma nikiinua uso:

Ilitoka kwako, Boga. Nilifungua bahasha ya kaki kabla sijafunga namba ya kupita. Nikalitafuta jina lako kabla ya majina yote. Nikaona sitini na tatu. Sitini na nne ingekuangusha kwa alama moja, na wa alama moja hukaguliwa upya, na mpimaji wa pili angeziona nafasi zako zilivyo sawa. Kwa hiyo nikaongeza mbili juu ya sitini na tatu yako.